SOMO LA WIKI: Kabla ya kununua kiyoyozi, pima chumba

Kila mwaka joto la Septemba na Oktoba linapopanda, mfanyabiashara wa Katumba, mkoani Katavi, aliyeuza mazao yake vizuri hujiuliza iwapo wakati umefika wa kuweka kiyoyozi nyumbani. Wengi huenda Mpanda mjini wakiwa na swali moja tu: "Ipi kubwa?" Wiki hii ukurasa huu unaeleza kwa nini swali hilo linaweza kumtia hasara mnunuzi, na hata muuzaji.

Tuanze na lugha ya dukani. Nguvu ya kiyoyozi hupimwa kwa BTU, yaani kiasi cha joto ambacho mashine hukitoa chumbani kwa saa moja. Zinazopatikana zaidi ni za BTU 9,000, 12,000, 18,000 na 24,000. Muuzaji akisema "tani moja", hazungumzii uzito wa mashine, bali BTU 12,000. Jina hilo lilitokana na biashara ya barafu ya Marekani: ni nguvu ya kupoza inayolingana na kuyeyusha tani moja ya barafu, kwa kipimo chao cha kilo 907, katika saa 24.

Sasa hesabu. Kanuni ya mkato inayotumika katika nchi za joto ni BTU 600 kwa kila mita moja ya mraba, ikiwa chumba kina dari na hakipigwi sana na jua. Kama kinapigwa na jua la mchana, tumia 800. Hesabu hiyo inatosha watu wawili. Kila mtu anayezidi, ongeza 600, na kila chombo kinachotoa joto, kama friji au televisheni, ongeza 600 pia.

Tuchukue chumba cha kulala cha mita 4 kwa 3.5, yaani mita za mraba 14. Chenye dari na kivuli kinahitaji BTU 8,400, hivyo mashine ya 9,000 inatosha. Chumba kilekile kikiwa chini ya bati tupu, na dirisha likitazama magharibi, kinahitaji 11,200, na mnunuzi atalazimika kuchukua ya 12,000. Chumba hakikukua hata kidogo. Kilichoongezeka ni joto la bati na jua, na mwenye nyumba atalilipia joto hilo kila mwezi. Ndiyo maana dari, ile tunayoiita singibodi, huja kabla ya kiyoyozi. Pazia zito na mti upande wa magharibi navyo husaidia.

Je, kwa nini usichukue ya 24,000 ili kumaliza kabisa? Kwanza, utalipa zaidi dukani kwa nguvu usiyoihitaji. Pili, mashine kubwa mno hupoza hewa kwa dakika chache na kuzima, kisha huwaka tena. Kuwaka na kuzima huko huchosha kompresa. Tatu, haikai ikifanya kazi muda wa kutosha kukausha unyevu, hivyo wakati wa masika chumba huwa cha baridi lakini chenye majimaji. Aidha, anayetumia jenereta atahitaji jenereta kubwa zaidi kuiwasha. Iliyo ndogo mno nayo ina hasara yake, kwani huunguruma mchana kutwa na chumba kisipoe.

Baada ya bei ya dukani, tazama bei ya kila mwezi. Kiyoyozi cha BTU 9,000 hula takriban kilowati 0.8. Kikifanya kazi saa sita kwa siku bila kompresa kupumzika, kwa siku 30 ni uniti 144. Hicho ndicho kikomo cha juu. Chumba kilichozibwa vizuri kitatumia pungufu.

Katika bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa kundi D1 asiyezidi uniti 75 kwa mwezi aliwekewa Sh. 100 kwa uniti, na mteja wa kawaida wa T1 Sh. 292, kabla ya kodi na tozo. Kwa bei hizo, nyumba inayotumia uniti 60 hulipa Sh. 6,000. Ikiongezewa kiyoyozi hicho, uniti hufika 204, na nyumba ikihamia T1 malipo huwa Sh. 59,568. Mashine moja imezidisha gharama karibu mara kumi, kwa sababu hata zile uniti 60 za mwanzo zimepoteza bei yake nafuu. Fedha hiyo ni mtaji. Kabla ya kununua, hakikisha uko kundi gani.

Linganisha na feni ya wati 70. Kwa saa zilezile sita hula uniti 13 kwa mwezi. Nyumba yetu itafika 73, itabaki D1 na kulipa Sh. 7,300. Katumba si Dar es Salaam. Hapa ni uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku hewa hupoa kuliko pwani. Kwa nyumba nyingi, dari na feni huenda ndiyo saizi sahihi. Kiyoyozi kiwekwe pale penye sababu: mgonjwa au mzee asiyevumilia joto, au chumba ambacho kwa hakika kinashindikana.

Anayeamua kununua aende dukani na mambo manne kwenye karatasi: urefu na upana wa chumba, upande wa dirisha, idadi ya watu, na kama kuna dari. Aulize mashine inakula wati ngapi, na anunue pia kifaa cha kuilinda umeme unapopanda na kushuka.

Kwa wauzaji, somo ni lilelile. Mpimie mteja chumba kabla ya kumwandikia risiti. Aliyeuziwa saizi isiyomfaa atarudi kulalamika, na majirani zake wataenda duka jingine.