Mchungaji anataka mama akatize mionzi aje kwenye mfungo

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Lodwar, kifungua mimba katika nyumba ya watoto watano. Mama yetu anaishi Kakuma mjini. Mwaka jana alianza kutokwa damu ilhali hedhi ilishakoma zamani. Tulizunguka naye, leo vidonge, kesho sindano, mpaka akakatwa kinyama kikapimwa, ikaonekana ni saratani ya mlango wa kizazi. Sasa yuko Eldoret kwa binamu yetu mtaani Langas, na ameingia wiki ya tatu ya mionzi na kemo. Mdogo wangu wa kiume ndiye anayemtunza, na kwa kuwa mama anajua Kiturkana tu, yeye ndiye humtafsiria daktari.

Mdogo wangu ameokoka. Mchungaji wake wa Kakuma ameandaa siku saba za mfungo na makesha, na anataka mama aletwe. Anasema ukimtegemea Mungu na mashine kwa pamoja, humtegemei Mungu. Mjomba wetu wa Letea naye anasema tulikosea tangu mwanzo, tungemwita emuron, mtabiri wetu wa jadi, aseme mbuzi wa rangi gani achinjwe.

Mimi ni Mkatoliki. Nimeuza mbuzi, nimekopa chama, na hata mama mmoja Msomali jirani yetu Kakuma alituchangia nauli na kutuombea dua. Lakini tangu ugonjwa huu uanze, nikiomba sisikii kitu. Mdogo wangu anasema hiyo ndiyo sababu mama haponi. Shangazi, kumbakiza mama hospitalini ni kukosa imani?

Binti aliyechoka, Lodwar

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzigo huu.

Nianze na lisilongoja. Mama asitolewe Eldoret. Kwa saratani kama yake, mionzi hutolewa kwa kawaida siku tano kila wiki kwa muda wa wiki tano hivi, kemo mara moja kwa wiki, na baadaye mionzi ya ndani. Madaktari hujitahidi yote yakamilike ndani ya wiki nane, kwa sababu seli za saratani zikipewa nafasi ya kupumua hujijenga upya. Siku saba zikikatwa katikati, ongeza na safari ya kwenda na kurudi, zaidi ya kilomita 400 kila upande, kupitia Kitale, Kainuk na Lokichar, zinaweza kuharibu kazi ya wiki hizi ambazo mama amekwisha kuzivumilia.

Na mfungo wenyewe ni hatari kwake. Dawa ya kemo inayotumika zaidi kwa ugonjwa huu, cisplatin, ni nzito kwa figo, na mgonjwa lazima awe na maji ya kutosha mwilini. Kumzuia mama huyo kula na kunywa katika joto la Kakuma ni kumtafutia ugonjwa wa pili. Wenye afya wafunge kwa niaba yake. Mchungaji akitaka kumwombea, apande basi aende Langas amwekee mikono huko, au siku ya kesha mpige simu, muweke sauti juu, kanisa zima limwombee akisikia. Mchungaji anayempenda mama atakubali moja kati ya hayo.

Kuhusu swali lako, mwambie mdogo wako afungue Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 20. Mfalme Hezekia aliugua hadi kufa. Aliomba, akalia, na Mungu akamjibu kwamba atapona. Kisha Isaya, nabii yuleyule aliyeleta jibu hilo, akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la mfalme. Ombi lilikuwa limekwisha kujibiwa, na bado dawa ikawekwa. Hakuna aliyemwambia Hezekia kwamba zile tini zimepunguza imani yake.

Turkana yenyewe ina ushahidi wa karibu zaidi. Mapadre wa Shirika la Mtakatifu Patrick walipoingia huko mwaka 1961, wakati wa njaa kali, walileta chakula na Injili, na zahanati zikafuata makanisa. Upande wa kanisa la AIC, Daktari Dick Anderson alitibu watu na kuhubiri Lokori. Hospitali ya Misheni ya Kakuma, ambayo mdogo wako ameipita mara nyingi akienda kanisani, ni tunda la fikra hiyohiyo. Anayewaambia watu wa Turkana kwamba imani na hospitali hazikai nyumba moja anaipuuza historia ya nyumba yao wenyewe.

Sasa nije kwenye jambo lililonisumbua zaidi. Nimeisoma barua yako mara kadhaa nikitafuta mama amesema nini, sikuona. Umeniambia anachotaka mdogo wako, anachotaka mchungaji, anachotaka mjomba, na unachoogopa wewe. Mama mwenyewe, ambaye mwili ni wake, hana neno hata moja. Na daktari akisema, maneno yanapita kinywani mwa kijana ambaye tayari ana upande. Simshuku kwamba anadanganya. Lakini mtu anayeamini kuwa dawa ni upungufu wa imani ataifupisha habari ya dawa bila hata kukusudia, na kijana wa kiume kumtafsiria mama yake maswali ya damu na uchi ni aibu kwao wote wawili. Mengi yatakuwa yameachwa hapo katikati.

Kwa hiyo omba ruhusa shuleni, hata ya siku chache, uende. Mwombe muuguzi au afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali akutafutie mfanyakazi anayezungumza Kiturkana, ikiwezekana mwanamke, akae na mama na daktari. Mama aambiwe jina la ugonjwa wake, dawa inafanya nini, zimebaki siku ngapi, na itakuwaje akiacha. Kisha aulizwe anataka nini, na anataka kuombewa na nani. Familia nyingi huwaficha wazazi neno saratani zikidhani zinawahurumia. Mzee aliyevuka miaka ya ukame na uvamizi wa mifugo anaweza kulibeba neno hilo. Asichoweza kukibeba ni kuona watoto wake wakinong'ona mlangoni.

Mjomba usimdharau. Anataka kufanya alichofundishwa kumfanyia dada yake anapougua. Iwapo mtashiriki kafara ya mbuzi au la, hilo ni la dhamiri zenu na imani yenu, zungumza na padre wako. Ila mama asinyweshwe mitishamba yoyote bila daktari kujua, kwa sababu zile figo nilizozitaja hazitavumilia. Na mkumbushe mjomba kitu ambacho rika lake linakijua: ule uvimbe wa tumbo unaotokana na minyoo ya mbwa, ambao Turkana ilikuwa nao kwa wingi kuliko karibu kila mahali duniani. Shirika la afya la AMREF lilianza mpango wa kupambana nao mwaka 1983, na watu wengi walipasuliwa wakarudi kwenye mifugo yao. Wazee wa kaskazini waliwapeleka wagonjwa wao kwa madaktari bila kumwacha Mungu wao, Akuj.

Mdogo wako alipokuambia kwamba mama haponi kwa sababu yako, alikosea, na inafaa umwambie hivyo kwa upole mkiwa wawili. Saratani hii husababishwa na virusi vya HPV ambavyo hukaa mwilini miaka mingi. Havikuingia kwa sababu maombi yako yalikuwa baridi. Kijana huyo analala karibu na mgonjwa kila usiku, anaogopa, na hofu imetafuta mtu wa kulaumiwa. Mpumzishe kwa wiki moja, uone kama maneno hayatabadilika.

Na wewe usiyesikia kitu ukiomba, usijilazimishe kusikia. Kaa kwenye misa kimya, waache wengine waseme maneno kwa ajili yako. Yule mama Msomali amekwisha kukuombea kwa lugha yake na dini yake, akaongeza na nauli. Mtu akiuza mbuzi wake kwa ajili ya mzazi, siwezi kumwita asiye na imani.

Kuhusu pesa, bima ya afya ya SHA ilipoanza tarehe 1 Oktoba 2024, kiwango cha saratani kiliwekwa shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka. Muulizeni karani wa SHA pale hospitalini kiwango cha sasa na salio la mama kabla ya mionzi ya ndani, msije mkashtukizwa. Nauli na chakula ni juu yenu, kwa hiyo mchango ambao kanisa la Kakuma lingetumia kwa hema la mfungo, ombeni sehemu yake ije Langas.

La mwisho ni lako. Wewe na dada zako mlio kati ya miaka 25 na 49, nendeni mkapimwe mlango wa kizazi katika hospitali ya rufaa hapo Lodwar. Na kama kuna binti wa miaka 10 katika familia, apate chanjo ya HPV, ambayo Kenya imekuwa ikitoa bure tangu Oktoba 2019. Lakini kabla ya hayo yote, mpigie mdogo wako leo, umwambie asikate tiketi ya basi.