Samadi Mbichi na Majani Yaliwayo Mabichi: Kurutubisha Mitishamba ya Uani Gongo la Mboto

Kusini-magharibi mwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, kando ya barabara iendayo Pugu, nyua za Gongo la Mboto ni finyu na watu ni wengi. Hata hivyo, nyua nyingi hazikosi kijani. Mchaichai huota penye maji ya kuogea, mrehani na kivumbasi husimama karibu na mlango, na giligilani na mnanaa hukuzwa ndani ya ndoo zilizopasuka, madumu yaliyokatwa na viroba vilivyojazwa udongo. Mimea hiyo ni kiungo cha mboga, ni chai ya asubuhi, na mara nyingi ndiyo dawa ya kwanza kabla familia haijafikiria zahanati.

Udongo wa maeneo haya kwa sehemu kubwa ni kichanga. Haushiki maji wala virutubisho. Kilichowekwa leo huoshwa na mvua ya masika au na maji ya ndoo mbili tatu. Ndiyo maana kila mwenye bustani huitafuta mbolea, na iliyo karibu zaidi ni samadi: ile ya kuku wa nyama wafugwao mitaani, iliyochanganyika na maranda ya bandani, pamoja na ya ng'ombe kutoka upande wa mnada wa Pugu. Hakuna ubaya kuitumia samadi. Tatizo la kitabibu huanzia kwenye haraka ya kuitia ikiwa mbichi.

Kinyesi kibichi cha kuku hubeba bakteria wa salmonela na kampilobakta. Cha ng'ombe huweza kubeba aina za ekolai ziharibuzo figo za mtoto. Mchaichai uliotokota jikoni dakika kumi hauna hofu hiyo. Giligilani iliyokatwakatwa juu ya kachumbari, au mnanaa uliotiwa kwenye sharubati, hauonji moto hata kidogo. Tone la maji likianguka kwenye udongo wa ndoo hurusha chembe hadi upande wa chini wa majani, mahali ambapo mpishi haoshi kwa makini. Wanaodhani kwamba kijani kidogo hakiwezi kuleta maafa makubwa wakumbuke Ujerumani mwaka 2011. Machipukizi ya uwatu, yaliyoliwa mabichi, yalihusishwa na mlipuko wa ekolai uliougusa mwili wa watu zaidi ya 3,800 na kuua zaidi ya 50. Chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye mbegu, wala si samadi ya uani, lakini njia ya kuingilia mwilini ni ileile: jani changa lisilopikwa.

Kanuni za kilimo hai za Marekani hudai zipite siku 120 tangu samadi mbichi ichanganywe na udongo hadi siku ya kuvuna mazao yanayogusana na udongo. Giligilani huanza kuvunwa wiki sita au saba tu baada ya kupandwa. Hesabu haikubali. Aliyetia samadi mbichi siku ya kusia mbegu atavuna kabla ya nusu ya muda huo kupita, na aliyeiongeza katikati, akiona majani yanapauka, amejiongezea hatari karibu kabisa na sahani. Kwa mimea ya muda mfupi iliwayo mibichi, basi, samadi mbichi haina nafasi. Iwe imeiva, au isiwepo.

Kuiva kwa samadi kunatokana na joto, wala si ukavu. Samadi iliyoanikwa juani ikawa vumbi bado yaweza kuwa na vimelea. Rundo la mboji lenye samadi, maranda, majani makavu na mabaki ya jikoni, lililoloweshwa kiasi cha sifongo iliyokamuliwa, hupata joto lenyewe kwa kazi ya bakteria wasio na madhara. Kipimo kinachotumika ni nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi kwa siku 15, rundo likigeuzwa angalau mara tano ili kilichokuwa nje kiingie ndani. Asiye na kipimajoto achomeke chuma katikati ya rundo kwa dakika chache. Kikitoka hakishikiki, kazi inaendelea. Rundo dogo mno hupoteza joto, kwa hiyo upana na kimo cha mita moja ni mwanzo mzuri, na majirani wawili wakiunganisha taka zao hawatashindwa kulifikia. Baada ya hapo liachwe lipoe na kutulia kwa wiki kadhaa. Mboji iliyo tayari hunuka udongo. Ikinuka ukali unaochoma pua, haijawa.

Kinyesi cha binadamu ni jambo jingine kabisa. Mayai ya minyoo ya mviringo huweza kuishi kwenye udongo kwa miaka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 hutaka kinyesi kihifadhiwe zaidi ya mwaka mmoja katika maeneo ya joto kabla ya kutumika shambani. Kwenye mtaa ambao vyoo vya shimo hufurika wakati wa masika, bustani iliyo chini ya mteremko hupokea mbolea ambayo mwenyewe hakuiomba. Hapo ndoo iliyoinuliwa juu ya matofali ni kinga ya kweli. Paka naye azuiwe: kinyesi chake huweza kuwa na toksoplasma, kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Imani iliyoenea ni kwamba kuchemsha humaliza yote. Moto huua bakteria na mayai ya minyoo, lakini hauiondoi risasi wala naitreti. Maji yakipungua sufuriani, vitu hivyo huzidi kukolea. Risasi huingia kupitia makopo ya rangi ya zamani na maganda ya betri za magari yaliyogeuzwa vyungu, nayo huidhuru akili ya mtoto bila kuonyesha dalili mapema. Vyombo hivyo, pamoja na madumu yaliyowahi kuwa na viuatilifu, havifai kabisa kwa mmea wa kuliwa. Naitreti hurundikana kwenye majani yaliyolishwa naitrojeni kupita kiasi, hasa yakiota kivulini. Mtu mzima huistahimili. Mtoto wa chini ya miezi sita anayenyweshwa maji ya majani kwa ajili ya chango yuko hatarini, kwa sababu damu yake hupoteza uwezo wa kubeba oksijeni na midomo hugeuka kuwa ya bluu. Umri huo unahitaji maziwa ya mama peke yake.

Basi mmea ulishwe kiasi gani? Kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, hivyo kijiko kimoja cha chai, takribani gramu 5, kina zaidi ya gramu 2 za naitrojeni. Kikimwagwa kwenye ndoo moja huunguza mizizi. Kwa ndoo ya lita 20, sehemu moja ya mboji iliyoiva kwa sehemu mbili za udongo hutosha kuanzia. Mmea ukidhoofika, gramu 5 za NPK zikayeyushwa katika lita 10 za maji, na kila ndoo ikapewa kikombe kila baada ya wiki mbili au tatu, chini kwenye udongo. Utando mweupe ukingoni mwa ndoo ni chumvi iliyozidi, na visima vyenye maji ya chumvichumvi huuzidisha. Ndoo itobolewe chini na imwagiliwe maji mengi hadi yatiririke. Zaidi ya hayo, mrehani au mnanaa uliojazwa naitrojeni kwa kawaida hutoa majani mapana yenye harufu hafifu, na harufu hiyo ndiyo mafuta ambayo mmea ulipandiwa.

Jivu la mkaa hutoa potasiamu na chokaa, konzi moja kwa ndoo kwa msimu. Lisichanganywe na samadi ya kuku wala urea, kwani naitrojeni hupotea hewani. Jivu la taka zilizochomwa na plastiki litupwe.

Mwisho ni mikono. Mbegu za bakteria wa pepopunda hukaa kwenye udongo na samadi, na huingia kupitia jeraha dogo la mwiba au bati. Mwenye bustani avae viatu na glavu, na asiyekumbuka lini alichanjwa aulize katika kituo cha afya kilicho karibu. Ombi hilo ni zito zaidi kwa mjamzito, maana chanjo yake humkinga pia mtoto atakayezaliwa. Kitovu cha mtoto huyo kisipakwe majani, samadi wala jivu, hata kama yametoka kwenye ndoo safi kuliko zote za mtaani.