Sheria ya Kileo na Ghala la Nyumbani

Wengi hudhani kwamba sheria za pombe ni shauri la polisi na wenye vilabu tu. Kumbe zaigusa kila nyumba, hata ile isiyoonja kileo. Kwa hiyo leo twapenda kuzieleza kidogo, tukiitazama hasa nchi ya Ugogo.

Kwanza tujiulize: Yaihusu nini Serikali pombe ya mtu? Mvua ya Dodoma ni haba, kama milimita 570 kwa mwaka, nayo hunyesha msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili. Mtama na uwele upikwao ugali ndio huo huo upikwao pombe, na debe likiisha kuingia mtungini halirudi ghalani. Nchi iliyopata njaa ya Mtunya, miaka ya 1917 hadi 1920, yajua thamani ya debe moja. Hivyo unywaji wa mmoja waweza kuwa njaa ya wengi.

Pili, tujue sheria zilikotoka. Kwa Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, na tena ule wa Saint-Germain wa mwaka 1919, mataifa makubwa yalizuia pombe kali isiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Lakini katika Tanganyika ya wakoloni sheria ilitazama rangi ya mnywaji: Mzungu aliruhusiwa, Mwafrika alikatazwa. Sheria ya namna hiyo haikumfundisha mtu kiasi; ilimfundisha kujificha. Baada ya Uhuru, Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 iliitazama biashara yenyewe: nani ana leseni, auzia wapi, na saa ngapi.

Tatu, tushike mambo makubwa. Moshi, yaani gongo, ulitungiwa sheria yake mwaka 1966, maana akeneka gizani hakuna ampimiaye ukali wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumwuzia kileo asiyetimiza miaka 18, wala haimruhusu kuwapo katika baa. Basi mzazi amtumaye mtoto kilabuni amtia muuzaji katika kosa, na mtoto amweka mahali asipostahili kuwapo. Tena, tangu tarehe 1 Machi 2017, viroba, zile pombe kali za vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku: vilikuwa rahisi kwa bei, na rahisi kufichwa katika mfuko wa mwanafunzi.

Wengine watatuuliza: Na yule mama auzaye ujimbi apate sare na madaftari ya watoto, je, ni mhalifu? Sisi hatumdharau. Pombe ya nafaka ni ya kale kwetu. Imekaribisha wageni na kukusanya majirani kulima. Hata zabibu za Dodoma hutoa divai, na divai yatumika altareni. Lakini mama huyo yampasa kutafuta leseni, kuzishika saa zilizowekwa, na kuwarudisha watoto mlangoni. Na halmashauri yapaswa kumrahisishia njia ya leseni. Kwani akikimbizwa siku zote bila kuonyeshwa njia, atahamia gongo, lisilohitaji kibao mlangoni.

Hapo ndipo sheria ifikapo mwisho wake. Askari aweza kufunga kilabu saa yake ikifika. Hawezi kuingia ghalani kuhesabu madebe yaliyobaki kabla ya mavuno. Kazi hiyo ni ya baba na mama, wakikaa pamoja.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Mwaka huu tumevuna madebe mangapi, na yatatufikisha mwezi gani?
2. Katika nyumba yetu, ni nani hutumwa kununua pombe?
3. Kijijini petu, ni nani auzaye bila leseni, na twaweza kumsaidia namna gani aipate?