Macho ya nzi wa kuvulia: uzito kwanza, urembo baadaye

Wadau, hii ni ya sisi tunaofunga nzi bandia wa kuvulia samaki na kuwauza ng'ambo kwa mtandao.

Nikianza, nilikuwa nachagua macho yanayong'aa kwa picha, basi. Mteja akaagiza dazeni nne za bonefish, samaki mwoga anayekula kwenye maji ya magotini. Nikamfungia macho ya risasi. Nzi wakawa wanatua majini kwa kishindo, samaki wanatoroka. Alidai pesa zake zote na nikarudisha.

Jicho ni uzito. Ukilifunga upande wa mgongo wa ndoana, nzi anajipindua majini, ncha inaangalia juu, haikwami kwa mawe wala nyasi. Clouser Minnow inafanya kazi hivyo.

Maji ya kina kifupi yanataka macho ya mnyororo wa vishanga, ni mepesi. Kina kirefu au mkondo mkali, weka shaba au tangisteni. Tangisteni ni nzito kushinda risasi, kwa hivyo jicho dogo linatosha, ila bei yake inauma! Macho ya stika ni ya sura tu. Yapake gundi ngumu juu, la sivyo yatabanduka.

Na oda ikiwa ya Denmark, usitume risasi kabisa. Sheria yao inakataza kuingiza na kuuza vifaa vya uvuvi vya risasi.

Kabla hujashika uzi, muulize mteja: samaki gani, na maji yana kina gani? Kwenye posti andika jicho ni la nini. "Macho mazuri" haimwambii mvuvi kitu.