Kichwa Kinapouma: Kijue Kwanza, Dawa Baadaye

Nyumbani kwa wengi wetu, kichwa kikiuma hulaumiwa malaria. Kweli malaria huumiza kichwa, lakini kwa kawaida huja na homa, baridi na maumivu ya viungo, na huthibitishwa kwa kupima damu. Usimeze dawa ya malaria bila kipimo.

Maumivu yanayowapata watu wengi zaidi ni ya mkazo. Kichwa hubana pande zote kama kilichokazwa kitambaa, na shingo na mabega huwa magumu. Chanzo mara nyingi ni uchovu, mawazo, kukosa usingizi au kuinamia kazi kutwa nzima. Maji, chakula ikiwa umeshinda njaa, kukandwa shingo na kulala mara nyingi hutosha.

Kipandauso ni aina nyingine. Kichwa hupwita, aghalabu upande mmoja, kwa saa 4 hadi 72. Mgonjwa hutapika au husikia kichefuchefu, na mwanga na kelele humtesa. Wapo wanaoona vimulimuli kabla hakijaanza. Wanawake hukipata zaidi ya wanaume, wengine karibu na hedhi. Tafadhali msimwambie anadeka, wala msiseme karogwa. Huu ni ugonjwa. Mpeni chumba chenye giza na utulivu, ameze dawa mapema. Kikimrudia kila mara aende kituo cha afya, kwani dawa za kukizuia zipo.

Paracetamol kwa mtu mzima ni vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake, na asipewe aspirini. Na hili wengi hawalijui: ukimeza dawa ya maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, dawa yenyewe huanza kukuumiza kichwa. Kwa zile za mchanganyiko zenye kafeini, siku 10 kwa mwezi zinatosha kuleta shida hiyo.

Usisubiri kupambazuke ikiwa maumivu yamekuja ghafla na makali kuliko yote uliyowahi kupata, au yameambatana na homa na shingo ngumu, degedege, kuchanganyikiwa, kupooza upande mmoja, au yamefuata kuanguka na kugonga kichwa. Mjamzito aliyepita miezi 5, kichwa kikimuuma sana, macho yakafifia au uso ukavimba, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo akapimwe shinikizo la damu, maana hizo ni dalili za kifafa cha mimba.