SOMO LA VIKUNDI: PROTINI ILIYOMO NDANI YA MWANI



Vikundi vya pwani vinavyolima mwani vimekuwa vikituuliza swali ambalo tumeona afadhali tulijibu hapa, lisomwe na wote. Wamesikia kwamba viwanda vya ng'ambo sasa vinatafuta protini ndani ya mwani, na ati protini hiyo ina bei kubwa kuliko mwani wenyewe. Wengine wanashawishiwa watoe akiba ya kikundi wanunue mashine ya kusaga na kukamua. Je, watoe pesa au wasitoe? Kabla ya kujibu, hebu tujue protini hiyo ni kitu gani, imekaa wapi na inatolewa namna gani. Nanyi mlio bara msiruke ukurasa huu, kwa maana hesabu tutakayoifanya hapa inafaa pia kwa mradi wa soya au wa omena.

Mnunuzi wa leo anataka nini?

Mwani unaolimwa huku kwetu ni wa aina mbili hasa, spinosamu na kotonii. Zanzibar walianza kuulima kwa biashara mwaka 1989, kule Paje na Jambiani. Kenya ulikuja baadaye, upande wa Kwale, mahali kama Kibuyuni na Mkwiro, na wakulima wengi ni akina mama. Wanafunga vipande vya mbegu kwenye kamba, wanangoja kama wiki sita, wanavuna maji yanapokupwa, kisha wanaanika. Kilo saba hadi kumi za mwani mbichi zikikauka inabaki kilo moja tu. Aliyebeba mzigo ule kichwani kutoka baharini anaijua hesabu hiyo bila kufundishwa.

Sasa, mnunuzi anayekuja na mizani hanunui protini. Anataka ute wa mwani, ile gundi inayoitwa karaginani. Ndiyo inayotiwa kwenye aiskrimu isitengane, kwenye dawa ya meno iwe nzito, na kwenye nyama za mikebe zishikamane. Viwanda vingi huloweka mwani katika maji moto yenye alkali kali. Alkali ile hutoa chumvi, rangi na protini, vyote vikaenda na maji ya kuoshea, na kinachobaki ndicho cha kuuzwa. Kwa hivyo ni kweli kwamba protini nyingi ya mwani wetu imekuwa ikimwagwa. Wenye viwanda nao wameliona jambo hili, na ndiyo sababu maneno haya ya protini yamezidi siku hizi. Wanatafuta njia ya kuitoa kwanza, halafu wautoe ute kutoka kwa mwani uleule.

Hesabu yenyewe

Kilo moja ya spinosamu au kotonii iliyokauka huwa na gramu kama 50 za protini, pengine pungufu, pengine zaidi kidogo. Kilo ya maharagwe makavu ina kama gramu 220. Soya inapita 350. Nori, ule mwani mwembamba ambao Wajapani hufungia wali, unaweza kufika gramu 300 hadi 400, lakini huo ni wa maji ya baridi na haulimwi hapa kwetu. Mwani wa kijani unaofanana na majani ya saladi, ambao hutupwa ufuoni na mawimbi, mara nyingi una gramu 100 hadi 250.

Tuchukue tani moja ya spinosamu kavu. Ndani yake mna protini kilo 50. Hakuna njia ya kuitoa yote, tuseme tumebahatika tumepata nusu. Hizo ni kilo 25. Kwa kilo hizo 25, akina mama wamebeba tani saba mpaka kumi za mwani mbichi. Tani moja ya maharagwe ina protini kilo 220, na unaipata kwa sufuria na kuni tu! Ikiwa protini ni ya chakula cha watu au cha kuku, spinosamu haiwezi kushindana na maharagwe wala omena. Anayewaambia vingine aonyeshe hesabu yake.

Na hesabu zenyewe zina mtego. Maabara nyingi hazipimi protini moja kwa moja. Zinapima nitrojeni, kisha zinazidisha mara 6.25. Lakini mwani una nitrojeni nyingine ambayo si ya protini. Mwaka 2016 wataalamu waliokusanya vipimo vya aina nyingi za mwani walionyesha kwamba inafaa kuzidisha mara 5. Mwani wenye nitrojeni gramu 16 kwa kilo utaandikwa una protini gramu 100 kwa hesabu ya zamani, na gramu 80 kwa hesabu hii. Mweka hazina akiletewa karatasi ya maabara, aulize walizidisha mara ngapi.

Tena mwani haulingani mwaka mzima. Ukikua penye maji yenye rutuba, kama karibu na midomo ya mito, protini hupanda, na katika maji maangavu hushuka. Msije mkaenda kupanda karibu na mfereji wa maji machafu kwa kutafuta rutuba hiyo. Mwani hunyonya madini ya sumu pia, na mzigo mzima utakataliwa.

Inatolewaje?

Aliyewahi kukamua tui la nazi ameshajua nusu ya kazi. Nazi unaikuna, unatia maji, unakamua, unachuja. Mwani nao huoshwa mchanga, husagwa laini kabisa, kisha hulowekwa kwa maji matamu. Chembe za mwani zimezoea maji ya chumvi, na zikiingia kwenye maji matamu hufura na kupasuka, protini zikatoka. Zile zisizotoka kwa maji hutolewa kwa alkali kidogo, au kwa vimeng'enya vinavyokula kuta za chembe.

Hapa ndipo ute unapoleta shida. Mkipasha maji moto yanakuwa mazito kama uji, na hakuna kinachochujika. Kwa hivyo protini hutolewa maji yakiwa baridi, kisha makapi ndiyo yanayokwenda kuchemshwa kwa ajili ya karaginani. Mkifuata utaratibu huo mwani mmoja unatoa mazao mawili. Mkiupindua, mmeharibu yote mawili.

Baada ya kuchuja hutiwa asidi. Mnajua maziwa yakikamuliwa ndimu yanavyoganda, mabonge yakajitenga na maji. Protini ya mwani ikipata asidi ya kadiri hujikusanya vivyo hivyo, ikatua chini, ikachujwa na kukaushwa bila moto mkali. Maelezo haya ni ya kuwafahamisha tu. Tafadhali msianze kuchezea soda ya kuchomea na asidi jikoni penye watoto.

Protini zenye bei

Je, hadithi yote ni uongo? Hapana. Kuna protini chache ndani ya mwani ambazo hazinunuliwi kwa kilo, zinanunuliwa kwa miligramu.

Ya kwanza ni ile inayoupa mwani mwekundu rangi yake. Inaitwa fikoerithrini. Ikipigwa na mwanga wa buluu inang'aa rangi ya chungwa, na tangu mwaka 1982 wanasayansi wanaitumia kama taa ndogo za kutambulisha chembe za damu. Wengi wetu tuna jamaa aliyewahi kupimwa CD4. Katika mashine nyingi za kipimo hicho, damu huchanganywa na dawa iliyofungiwa fikoerithrini. Dawa hiyo inashika chembe za CD4, damu inapitishwa mbele ya mwanga mkali, kila chembe iliyoshikwa inawaka, na mashine inahesabu. Kumbe mwani umekuwa ukifanya kazi katika maabara za hospitali miaka hiyo yote.

Ya pili ni mfano wa kututahadharisha. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walitangaza protini waliyoipata katika mwani mwekundu mdogo kutoka New Zealand, ambayo huzuia virusi vya ukimwi visiingie kwenye chembe. Waliiita grifithsini. Je, wavuvi wa New Zealand walitajirika kwa kuvuna mwani ule? La. Watafiti walichukua maandishi ya urithi ya protini hiyo, wakayatia ndani ya mimea ya jamii ya tumbaku, na mwaka 2009 wakaonyesha kwamba inaweza kuzalishwa kwa wingi majanini. Kwa maoni yetu hili ndilo jambo ambalo wauza mashine hawalisemi: protini ikiwa na bei kubwa sana, kiwanda hutafuta njia ya kuitengeneza bila mkulima wa mwani.

Jaribio la kufanya kikundini

Leteni mwani mwekundu mbichi, ule wenye rangi iliyoiva. Sehemu ya kwanza itieni katika maji yanayochemka. Mtaona wekundu unatoweka na ukijani unatokea, maana fikoerithrini imeharibiwa na moto, na rangi ya kijani iliyokuwa imefichwa chini yake imebaki. Sehemu ya pili itwangeni kwenye kinu, mtie maji matamu ya baridi, muache usiku kucha kivulini, mchuje kwa kitambaa. Maji yakiwa ya waridi, mmeiona protini kwa macho yenu. Sehemu ya tatu ianikeni juani siku kadhaa, iwe inanyeshewa umande. Itapauka. Mwani uliopauka bado unafaa kwa ute, lakini kwa anayetafuta fikoerithrini hauna kitu.

Sasa turudi kwenye ile mashine

Ushauri wetu ni kwamba kikundi kisitoe akiba yake kununua mashine ya protini. Kusaga si shida, hata posho mill inasaga. Shida ni maji matamu mengi, ubaridi wakati wote, stima isiyokatika, maabara ya kupima, na mnunuzi aliyeandika mkataba. Vitu hivyo vitano vikikosekana, mashine itakuwa makao ya kuku.

Kuna kazi nyingine inayoleta pesa hata leo. Anikeni juu ya chanja, si mchangani, kwa kuwa mchanga na chumvi hupunguza bei. Tengeni aina moja na nyingine. Mwani wa kijani wa ufuoni, ukioshwa vizuri kwa maji matamu na kukaushwa, unaweza kuchanganywa kidogo katika chakula cha kuku. Anzeni na kuku wachache mkiwaangalia, maana chumvi ikizidi watahara.

Na mnunuzi wa protini akija, mwenyekiti asimkaribishe kwa soda tu, amkaribishe kwa maswali, na katibu aandike majibu. Anataka mwani mbichi au mkavu, na ukaushwe juani au kivulini? Kukausha kivulini kunachukua siku zaidi, je, siku hizo atazilipa? Anatafuta protini gani, na ataipima kwa njia gani? Makapi yenye ute yatabaki kuwa ya nani? Hilo la mwisho mlikazie, kwa sababu ute ndio wenye soko, na mtu anaweza kuwalipa protini akaondoka na karaginani bure.