SAHANI YAKO IMEFUNIKWA!

Somo kwa kijana ambaye bado hajampokea Yesu. Soma Luka 15:11-32.

Karatasi hii umepewa bure. Usiitupe, wala usiifungie karanga. Kaa chini dakika tano uisome mpaka mwisho. Inakuhusu.

Kila Desemba mabasi ya kwenda Moshi hujaa. Mtu wa Kilimanjaro, awe Dar es Salaam au Mwanza, Krismasi anataka kuilia nyumbani. Kule mlimani, katikati ya migomba, baba na mama wanawasubiri watoto wao. Mimi nimezaliwa huko, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa.

1. NYUMBANI WAMEPIKA

Baba ana mbuzi aliyemnenepesha zizini, akimkatia majani kila siku. Siku ya kuchinja hutandikwa majani ya mgomba, nyama ikagawanywa. Wazee wana fungu lao, akina mama wana lao, na jirani hasahauliki. Mama naye anamenya ndizi tangu alfajiri. Sufuria hii ina machalari, ile ina kiburu cha ndizi na maharage. Halafu kuna mtori. Ndizi na nyama huchemshwa mpaka zilainike, kisha hupondwa mpaka ziwe kama uji mzito. Kwetu mtori ndio chakula cha mzazi, yaani mama aliyetoka kujifungua.

Hebu fikiri hapo. Krismasi ni habari ya mtoto aliyezaliwa, lakini Maria hakupata hata nafasi katika nyumba ya wageni. Mtoto alilazwa katika hori, chombo cha kulishia mifugo (Luka 2:7). Biblia haitaji tarehe ya siku ile. Huko Roma, sikukuu ya Desemba 25 imeandikwa kwenye kumbukumbu za mwaka 336. Tusigombanie tarehe. Swali ni hili: Mtoto yule alikuja kufanya nini?

2. MIMI SIKUWEPO MEZANI

Nilipokuwa na miaka 19 nilimwiba mbuzi wa Krismasi wa baba yangu. Nilimpeleka mnadani, nikamwuza, nikapanda basi. Nilijiona mjanja. Hela ile haikumaliza wiki mbili.

Krismasi tatu sikurudi. Nilikula chipsi kijiweni na wenzangu, tunacheka, lakini ndani naumia. Mwaka wa nne nikakutana stendi na jirani yetu wa nyumbani. Akaniambia, "Wewe! Mama yako kila Krismasi anakupakulia. Anaifunika sahani yako, anaiweka karibu na mafiga. Asubuhi ndio anawapa watoto kile chakula."

Nilimjibu vibaya nikaondoka. Usiku ule sikulala.

Uchagani mtu aliyekosa haendi na maneno matupu. Anachukua jani la isale, ule mmea unaopandwa mipakani, anampelekea aliyemkosea. Ukiletewa isale, kukataa kusamehe ni jambo zito sana. Basi nikaomba nauli, nikarudi. Njiani nilichuma isale, nikapanga na maneno ya kusema.

Baba alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Aliponiona aliweka panga chini. Hakungoja nifike mlangoni. Alinifuata mpaka kwenye mfereji, na isale bado iko mkononi mwangu. Nikaanza, "Baba, yule mbuzi..." Akanikatiza, "Mama yako amepika. Twende."

3. NANI ALITANGULIA?

Siku ile nilikula, nikashiba, lakini nilikuwa bado sijaokoka. Mwaka uliofuata nilisimama nyuma kabisa kwenye mkutano wa Injili, kofia usoni, nisionekane. Mhubiri akasoma habari ya mwana mpotevu. Aliposema yule baba alimwona mwanawe akiwa mbali akamkimbilia, nilimkumbuka baba yangu kwenye mfereji, nikalia.

Kijana, sikia. Kwa desturi yetu mkosaji ndiye anayebeba isale. Lakini kwa Mungu, ALIYEKOSEWA NDIYE ALIYETANGULIA KUJA. Wewe ulikuwa bado hujatubu, hujapanga hata maneno, na Yeye alishashuka. Alikuja mpaka kwenye hori, akaenda mpaka msalabani. Hakuleta jani, alileta damu yake mwenyewe (Warumi 5:8, 2 Wakorintho 5:18-19). Hiyo ndiyo Krismasi!

Je, baada ya hapo deni la mbuzi lilikufa? Hapana! Zakayo alipompokea Yesu alirudisha vya watu (Luka 19:8). Na mimi nilifanya vibarua, nikanunua mbuzi, nikampelekea baba. Hakunidai. Lakini moyo uliookoka haukai na mali ya watu.

4. USIJIDANGANYE

Utasema, "Sisi kwetu ni watu wa dini." Sawa. Wamisionari wa Leipzig walifika Uchagani mwaka 1893, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Lakini ubatizo wa babu yako hautakuokoa wewe. Mwingine kila Krismasi anafika nyumbani, anakunywa mbege mpaka anaanguka, anagombana na ndugu zake kwa habari ya shamba, anarudi mjini. Nauli imeisha, dhambi iko palepale. Huyo amefika kwa baba yake wa mlimani, kwa Baba wa mbinguni bado.

Na wewe ambaye hukuondoka nyumbani, usijisifu. Yule kaka mkubwa alikuwa kwao siku zote, lakini karamu ilipowekwa alikasirika akabaki nje (Luka 15:28).

Labda unasema, "Mimi sina baba wala mama, nani anifunikie sahani?" Soma Zaburi 27:10. Bwana anakupokea wewe pia.

JIULIZE:
- Nimekimbia nini, na kwa nani?
- Nimechukua nini cha mtu ambacho natakiwa kurudisha?
- Nikifa usiku huu, nitakuwa ndani au nje?

Kama umeamua, piga magoti hapo ulipo, useme kwa moyo wako wote:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimekimbia nyumbani kwako. Asante kwa kuwa ulitangulia kunifuata. Nisamehe, nisafishe kwa damu yako. Leo narudi. Nipe nguvu ya kurudisha vya watu na kuacha niliyokuwa nafanya. Amina."

Umeomba? Bwana asifiwe! Sasa tafuta kanisa linalohubiri wokovu, umwone mchungaji, anza kusoma Injili ya Luka. Halafu, kama kuna mzazi unayemkwepa, mpigie simu leo. Usingoje Desemba.

Chakula kipo. Sahani yako bado imefunikwa. INGIA!